Snapshoti iliyokaa diski moja na data yako, hiyo si bekapu

Ofisi nyingi za maajenti wa mizigo hapa mjini bekapu yao ni ile ya Ijumaa jioni, mtu achomeka diski ya nje akopi folda nzima, manifesti, invoisi, skani za miaka na miaka, kila wiki yale yale, na ikichelewa aikatiza aende zake manake ferry ya Likoni haimngoji.

Na dawa ipo kitambo. ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ilitoka Sun Microsystems 2005, na mwenzake Btrfs ikaingia kerneli (kiini) ya Linux 2009. Hizi haziandiki juu ya bloku (kipande cha data kwenye diski) ya zamani, zaandika mpya kando, kwa hivyo kupiga snapshoti, yaani picha ya data ilivyo saa hiyo, ni kuiambia tu "zile za zamani usitupe", sekunde moja imeisha na mwanzoni haili nafasi. Mtu akifuta invoisi saa nne waingia folda iliyofichwa ya .zfs waikuta ya saa tatu, waikopi, basi.

Sasa hapo ndo watu huridhika, na mimi sikubali kabisa. Diski ikifa, na kwa joto hili na stima ya kupotea na kurudi kwa kishindo zafa kweli, snapshoti zote zaenda nayo. Ransomwea nayo, programu ya kufunga data na kudai fidia, ikipata ruhusa yazifuta, WannaCry ya 2017 ilikuwa yafuta zile nakala kivuli za Windows, ambazo ni snapshoti zake.

Utamu wenyewe ni kutuma snapshoti mashine nyingine. Amri ya zfs send -i waipa snapshoti ya jana na ya leo, yakutolea bloku zilizobadilika tu, haipekui faili moja moja kama rsync, ile programu ya kukopi faili, kwa hivyo folda ya GB 500 ikibadilika MB 200 basi ni hizo 200 ndo zasafiri, hata intaneti ya ofisi yenye aplodi ya kukohoa itazifikisha seva ya pili kule Nyali kabla ya alfajiri. Ila ile ya jana lazima iwepo pande zote mbili, mtu akiifuta kwa kutafuta nafasi na hakuna nyingine ya zamani iliyoko pande zote, mwaanza upya na GB 500. Mkiwa na MySQL, ile programu ya hifadhidata, data na logi (rekodi za mabadiliko) ziwe ndani ya snapshoti moja, la sivyo haitaamka vizuri.

Na mashine ya ofisi usiipe ruhusa ya kufuta kitu kule Nyali, afadhali ile seva ya pili ije ivute snapshoti yenyewe.