Usimlalie muuza nyanya wa Mombo

Kila Desemba Wachaga wa Dar wanapanda kwao "kuhesabiwa". Mimi si Mchaga, nimeolewa tu, lakini hesabu inanihusu: mume, watoto watatu, hotpoti mbili na kilomita zaidi ya mia tano mpaka Uru, juu ya Moshi. Tunatoka saa kumi alfajiri na kupita Bagamoyo kutokea Msata. Mume wangu anasema ni kukwepa foleni ya Kibaha. Mimi najua ni mananasi ya Kiwangwa.

Hotpoti zina historia yake. Mwaka juzi tulisimama kwenye hoteli moja ya njiani, zile zinazopokea mabasi. Chipsi zilizokaangwa kwa mafuta meusi kama oili chafu, paja la kuku lisilojulikana limelala wapi, kila mmoja na kiboksi chake cheupe chepesi. Kufika Same, kitinda mimba wangu anatapika. Mbele yetu abiria wa basi wanarusha viboksi dirishani, kimoja baada ya kingine, vinaruka mpaka kwenye miba. Mifuko ya rambo tuliiaga Juni 1, 2019, tukapongezana, halafu tukahamia kwenye viboksi.

Tangu siku hiyo napika pilau usiku, nafunga mayai na mihogo ya kuchemsha, na kingine chote tunanunua njiani kutoka kwa aliyekilima au jirani yake. Hapo ndipo ugomvi wangu na mume wangu juu ya bei unapoanza, na ndio ninaotaka kuuleta kwenu.

Nimekulia Muheza. Nimekaa barabarani na mafungu ya machungwa nikiwa na miaka tisa. Machungwa yetu hubaki na ganda la kijani hata yakiiva, na hilo mteja wa Dar analijua vizuri. Lakini anashusha kioo nusu, anabonyeza moja, anasema, "Mabichi haya." Marehemu mama alikuwa anakata chungwa, anampa. Mtu anakula mpaka nyama za mwisho, anatema kokwa, anafuta ndevu, halafu anasema, "Sawa, ila punguza." Mama anapunguza, maana jua linazama na machungwa hayarudi mtini.

Siku hizi nasikia sana habari ya "chakula endelevu". Kiko kwenye semina, kiko kwenye menyu za hoteli za mjini. Nina rafiki anayenunua kifurushi cha letasi ya "organiki" supamaketi bila hata kutazama bei. Mtu huyohuyo akifika Mombo, chini ya milima ya Usambara ambako mboga za Lushoto zinateremkia, anakuwa mwanasheria. Anabishania mia tano ya karoti kama anatetea shamba la urithi.

Kwangu mimi, uendelevu unaanzia kwa mkulima kurudi shambani msimu ujao akiwa na hela ya mbegu. Mbolea ya samadi, dawa za mwarobaini, matuta ya kuzuia udongo, vyote hivyo vinataka mtu ambaye hajakata tamaa. Ukimlalia, ataacha kilimo aje kuendesha bodaboda Dar, na wewe utabaki na letasi yako.

Desemba iliyopita tulisimama hapo Mombo. Mama mmoja, kitenge kiunoni, nyanya zake kapanga kwenye ndoo ndogo, zile za juu kazifuta vumbi kwa upindo wa khanga.

"Karibu baba. Kisado elfu sita."

"Nne," mume wangu kajibu kabla hata hajazima gari.

"Baba, za Lushoto hizi. Tano na nusu."

"Nne. Na ujaze kichwa."

Yule mama akaanza kupanga nyanya juu ya ukingo, moja moja, kilima. Ndiyo lumbesa yenyewe, hii tunayoilaani ikiwa ya magunia ya viazi na Wakala wa Vipimo akiipigia kelele. Niliteremka, nikampa elfu sita. Tuliongea tena tulipofika Hedaru.

"Mama Angel," akaniambia, "wale wakiona namba za Dar wanapandisha. Na unajuaje kama ni mkulima? Huenda ni mchuuzi tu."

Ana hoja, sikatai. Bei ya gari ipo, na mimi mwenyewe nimewahi kuipandisha Muheza nilipoona miwani ya jua. Na wengi wa barabarani ni wachuuzi kweli. Lakini mchuuzi anayeminywa na mimi atakwenda kumminya nani? Atapanda mlimani kumminya mwenye shamba. Ukitaka kuuliza bei, uliza sehemu mbili tatu, utaijua ya siku. Baada ya hapo lipa.

Uru tunapokelewa na mtori. Mama mkwe ana kihamba kisichozidi ekari moja: migomba, kahawa chini yake, miti mirefu juu, na ng'ombe wawili bandani. Ng'ombe anakula majani ya mgomba, mgomba unakula samadi. Shimbwe Juu, si mbali na hapo, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliviingiza vihamba kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Nilimweleza mama mkwe. Akauliza kama FAO wanaweza kumsaidia kukata majani ya ng'ombe.

Sasa niseme na la kwangu, nisije nikaonekana malaika. Kwa miaka yote hiyo, safari ya kurudi ilikuwa na kituo kimoja kisichokosa: mkaa. Ukishavuka Segera magunia yamesimama kando ya barabara, na bei yake ukilinganisha na Dar inakufanya usahau kila kitu ulichosema kuhusu uendelevu. Serikali ina mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi nina mtungi wa gesi jikoni. Lakini maharage nayapika kwa mkaa, na mkaa huo ni miti ya Handeni. Na sikuwahi kumuuliza muuzaji anapata shilingi ngapi.

Safari hii mama mkwe alitupakilia mikungu minne, parachichi gunia zima na kuku wawili wanaolalamika. Tulipofika kwenye magunia ya mkaa, mume wangu alipunguza mwendo, akatazama keria, akanitazama mimi. Hapakuwa na nafasi. Hatukusimama, ingawa ningekuwa mwongo nikisema ulikuwa msimamo. Zilikuwa ndizi.