Nguvu ya hoja au hoja ya nguvu? Wachartisti na bei ya kura

Mei 1842 wafanyakazi wa Uingereza walipeleka Bungeni London ombi la kudai haki ya kura, lenye sahihi zaidi ya milioni 3. Karatasi zilizounganishwa zilifika urefu wa zaidi ya kilomita 9. Bunda halikupita mlangoni, ikabidi lifumuliwe na kuingizwa vipande vipande. Kisha wabunge 287 wakakataa kuwasikiliza waliolileta. 49 tu ndio waliokubali.

Hao walikuwa Wachartisti. Mageuzi ya 1832 yaliwapa kura wenye mali za kiasi fulani, wafumaji na wachimba makaa wakaachwa nje ingawa nao waliyapigania. Ndipo 1838 ikatoka hati (kwa Kiingereza, charter, ndiyo asili ya jina lao) ya madai sita: kura kwa kila mwanamume mtu mzima, kura ya siri, majimbo yanayolingana, mtu asilazimike kuwa na mali ili awe mbunge, mbunge alipwe mshahara, na uchaguzi kila mwaka.

Madai hayakuwagawa. Kilichowagawa ni njia. William Lovett, fundi seremala, alisimama na nguvu ya hoja. Feargus O'Connor, mwenye gazeti la Northern Star, aliusisimua umati kwa maneno makali, na wapo waliokwenda mbali kuliko yeye.

Wanaomtetea Lovett wana ushahidi mzito. Usiku wa kuamkia 4 Novemba 1839, maelfu ya watu, wengi wao wachimba makaa na wafua vyuma, waliteremka mabonde ya Wales kwenda Newport, wamelowa mvua, wengine na bunduki, wengine na mikuki. Askari walikuwa wakiwasubiri ndani ya hoteli ya Westgate. Watu wapatao 20 waliuawa. John Frost, aliyewahi kuwa meya wa mji huohuo, alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa akapelekwa uhamishoni Tasmania, kisiwa cha Australia. Serikali ikapata kisingizio ilichokihitaji cha kuwakandamiza.

Hata hivyo, siamini kwamba upole ungewafungulia mlango. Mwaka huohuo polisi walioletwa kutoka London waliuvamia mkutano wa hadhara Birmingham. Lovett akatia sahihi bango la kulaani kitendo hicho, akafungwa mwaka mzima. Hakuwa ameshika hata fimbo!

Wengi pia husema sahihi bandia za ombi la tatu, la 1848, ndizo zilizoizika harakati. O'Connor alidai ana sahihi zaidi ya milioni 5. Makarani wa Bunge wakahesabu chini kidogo ya milioni 2, na jina la Malkia Victoria likiwamo. Ni aibu, na viongozi walistahili lawama. Lakini hata hizo zilizohesabiwa ziliwazidi wapigakura wote wa nchi, na maombi mawili ya awali yalikuwa yameshatupwa kabla ya kashfa hiyo. Bunge halikukosa sahihi za kweli. Lilikosa nia.

Madai matano kati ya sita yalikuja kutimia: sharti la mali liliondolewa 1858, kura ya siri ikaja 1872, mishahara ya wabunge 1911. Waliouawa Newport hawakuyaona. Ila njia ya Lovett nayo ilikuwa na bei yake, na hili hulisikii mara nyingi. Rasimu ya kwanza ya hati iliwataja wanawake. Wakaondolewa, kwa hofu kwamba wangechelewesha kura ya wanaume. Wanawake wengi walitia sahihi maombi yale pamoja na waume na kaka zao, na kura iliyo sawa na ya wanaume haikuwafikia Waingereza wanawake hadi 1928.