Katani kwenye mpira sio kuchanganya tu
Hapo mliposema unga wa mimea unachukua nafasi ya masizi (ule unga mweusi wa kaboni unaotiwa kwenye mpira wa tairi na kapeti kuuimarisha) kwa kuchanganya tu, mi nakataa. Nimefanya kazi korona, yani kwenye mashine ya kusaga majani ya katani kutoa nyuzi, huku Muheza mkoani Tanga miaka kibao, jani la katani nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu, zilizobaki zote maji na makapi yanamwagwa yananuka, kwahiyo malighafi tunayo na nataka hili jambo lifanikiwe kweli kweli. Ila katani inapenda maji na mpira hauyapendi, havishikani. Tulishajaribu kwenye karakana moja hapa Tanga kutengeneza kapeti za gari, tukatia vumbi la katani na unyevu wake hivyo hivyo, zikatoka na vipovu, ukiikunja nyuzi zinachomoka kama unywele kwenye sabuni. Tulivyolilowesha kwanza kwenye maji ya kostiki (soda kali), tukasuuza, tukaanika mpaka likakauka kau, ndo likashika, na hapo masizi tulipunguza tu hatukuyatoa yote, manake ndo yanaupa mpira nguvu ya kuhimili msuguano. Goodyear wanatia kwenye tairi silika (unga mweupe wa kuimarisha mpira, kama masizi) inayotolewa kwenye majivu ya pumba za mpunga, je kuna aliyejaribu na pumba zetu za Korogwe?