Mtoto mchanga kwenye kiwanja cha mbwa walioachiwa

Katika mitaa ya Dodoma inayoendelea kujengwa, kama Ilazo, Kisasa na Iyumbu, bado vipo viwanja vitupu, na si ajabu jioni jua likipoa kumkuta mwenye mbwa akimfungulia mnyororo ili akimbie anyooshe miguu. Kwa mtu asiye na mtoto jambo hilo halina mjadala mkubwa. Kwa wazazi wenye mtoto wa miezi minne au mitano lipo swali: mtoto naye apelekwe huko, au abaki nyumbani?

Wanaotaka aende wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Mama aliyemaliza arobaini yake ndani ya nyumba anahitaji kutoka, mbwa anahitaji kukimbia, na baba akirudi kazini jioni hana saa mbili za kuzigawa. Zaidi ya hayo, mtoto anayekua akiwaona mbwa kila siku hujengeka tofauti na yule anayefundishwa kupiga kelele kila amwonapo mmoja. Hata sayansi huitwa kutoa ushahidi. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto 397 katika mwaka wao wa kwanza, ukaona kwamba waliokuwa wakiishi na mbwa waliugua njia ya hewa na masikio mara chache kuliko wasio na mbwa. Hata hivyo, mbwa wanaozungumziwa pale ni wa nyumbani, wanaojulikana na wenyewe. Anayeutumia utafiti huo kutetea safari ya kiwanjani kwenye mbwa wageni anaupeleka mahali ambako haukufika.

Wengine hutaja viwanja maalumu vya mbwa vya Marekani, ambako kile cha Ohlone mjini Berkeley, kilichoanzishwa mwaka 1979, huhesabiwa miongoni mwa vya mwanzo. Mfano huo ukitazamwa vizuri unawageuka. Viwanja vya aina hiyo kwa kawaida huwa na uzio, mara nyingi mageti mawili yanayofuatana ili mbwa asichoropoke, na kanuni inayomtaka mwenye mbwa aokote kinyesi na awe amemchanja mnyama wake. Pamoja na yote hayo, vingi huweka umri wa chini wa watoto wanaoruhusiwa kuingia. Sababu yake si mbwa wakali peke yao. Mbwa wanaofukuzana kwa mchezo hawatazami mbele, na mbwa wa kilo 30 akimgonga mtu mzima gotini humwangusha pamoja na mtoto aliyembeba.

Sasa linganisha na kiwanja chetu kisicho na uzio. Mbwa wetu wengi hufugwa kwa ulinzi: kutwa wako bandani au mnyororoni, usiku wanafunguliwa, na sifa wanayopewa ni ukali. Kile kibao cha "Mbwa Mkali" getini ndicho cheti chao. Mnyama wa namna hiyo hajazoea kukutana na mbwa mgeni, seuze kitoto kinacholia kwa sauti nyembamba na kurusharusha miguu. Kwa hiyo swali wanalojiuliza wengi, "mbwa wangu ana tabia nzuri?", naliona kuwa dogo. Kubwa ni mbwa wa jirani, na zaidi ya huyo, mbwa koko anayetokea upande wa bucha bila mwenyewe kujulikana.

Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia, na ndicho kinachonielemeza upande mmoja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Kuzuia maambukizi katika eneo kunahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wake wawe wamechanjwa. Mtoto yuko hatarini kuliko mkubwa kwa kimo chake, kwani jeraha lake mara nyingi huwa usoni au kichwani, karibu na ubongo, ambako virusi havina safari ndefu. Mtoto mchanga, tena, hawezi kusema kwamba amelambwa penye mkwaruzo. Ikitokea, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lisipakwe dawa ya kienyeji wala mafuta, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Umri mdogo si kizuizi cha kupewa chanjo.

Kinyesi nacho kina mayai ya minyoo, ambayo hukaa udongoni majuma kadhaa ndipo yaanze kuambukiza. Kwa sababu hiyo mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni asiwekwe chini, hata juu ya khanga.

Ningepewa nafasi ya kuamua, mtoto angezoeana na mbwa wa nyumbani kwanza, uani, akiwa amepakatwa na mtu mzima, na mbwa akiwa amechanjwa. Kwa wale wanaoona lazima waende kiwanjani, waende watu wazima wawili, mmoja wa mbwa na mmoja wa mtoto, kwani mshika mawili moja humponyoka. Kigari hakifai, kwa kuwa huuweka uso wa mtoto sawa na pua ya mbwa. Mbeleko ni bora, ila nashauri mtoto afungwe kifuani badala ya mgongoni, kwa sababu aliye mgongoni hulambwa au kurukiwa mama asione. Chupa ya maziwa na biskuti vibaki nyumbani, maana chakula huanzisha ugomvi hata baina ya mbwa wanaojuana. Aliyembeba mtoto asimame pembeni, karibu na njia ya kutokea. Akitokea mbwa asiye na mwenyewe, aliyembeba mtoto aondoke kwa mwendo wa kawaida bila kukimbia wala kumpa mbwa mgongo, na yule mwenziwe ndiye abaki nyuma kumfunga mnyororo mbwa wao.