Nyumba Juu ya Pikapu, Pikapu Juu ya Mteremko

Yeyote aliyeandika kijitabu cha maelekezo cha kempa yangu hajawahi kufika kwetu Pittsburgh, Marekani. Ukurasa wa kwanza unaniamuru niegeshe gari mahali tambarare, wa pili unakumbusha kwamba mahali hapo tambarare pawe pia pagumu, na wa tatu unanionya kwa herufi kubwa nisithubutu kushusha kempa pasipo tambarare. Baada ya hapo kijitabu kinaendelea kwa raha zake hadi mwisho, bila kusema asiye na tambarare afanye nini.

Kwa asiyekijua chombo hiki, ni kijumba cha safari chenye kitanda, jiko, friji na choo, ambacho hakivutwi nyuma ya gari bali hupakiwa mgongoni mwa pikapu. Kina miguu minne ya jeki, mmoja kila pembe. Ukirudi nyumbani unaishusha miguu mpaka ikanyage chini, unainua kijumba, unaichomoa pikapu na kwenda nayo kazini, huku nyumba ikikungoja uani. Hivyo ndivyo alivyonieleza muuzaji, na uwanja wake, nakumbuka vizuri, haukuwa na mwinuko hata wa kumkwaza sisimizi.

Sasa njoo huku kwetu. Mji huu umekaa pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuzaa mto Ohio, na mito hiyo ilichonga mabonde yake bila kuwafikiria wenye magari. Kuna ngazi za umma zaidi ya 700, kwa sababu zipo sehemu ambazo barabara yenyewe ilikata tamaa. Upo mtaa uitwao Canton Avenue wenye mwinuko wa asilimia 37, na watu hutoka mbali kuja kuupiga picha badala ya kuwapa pole wanaoishi hapo. Njia yangu ya kuingizia gari ina asilimia 10 tu, na majirani huniambia nimebahatika.

Asilimia 10 haitishi mpaka uipigie hesabu. Kila mita unayoshuka, ardhi inazama sentimita 10. Miguu ya mbele ya kempa iko mita 3 kutoka ya nyuma, na kwa kuwa ninaingia kinyumenyume, pua ya gari ikitazama bondeni, miguu ya mbele sharti iizidi ya nyuma kwa sentimita 30 ndipo sakafu ikae sawa. Nikimaliza kazi, kempa yangu inasimama mbele mirefu, nyuma mifupi, kama fisi. Hapa mtaani mtu akishapiga koleo theluji huweka kiti barabarani kushika nafasi ya gari lake, na hakuna anayekigusa. Jirani mmoja alinyoosha kidole kwenye kiti chake cha plastiki akaniambia kwamba hata hicho kimesimama vizuri kuliko nyumba yangu.

Lakini kusimama si tatizo. Tatizo ni kutoka. Pikapu ikiwa kwenye mteremko nayo imeinama, na ili ichomoke bila kukwaruza kitu, kempa sharti iiname sambamba nayo. Miguu ya jeki, kwa upande wake, imeundwa kubeba mzigo ikiwa wima. Kempa ikiinama, miguu inainama pia, na zaidi ya tani moja ya mbao, bati, friji na sufuria za Mama Neema inaanza kuisukuma kuelekea barabarani. Nikiisawazisha kempa kwa pima maji, miguu inatulia lakini pikapu haitoki. Nikiisawazisha na pikapu, pikapu inatoka lakini chuma kinalia kilio ambacho kimemfanya Mama Neema aache kuchungulia dirishani siku hizo. Na pikapu yenyewe ni mnafiki: springi zake, zilizokuwa zimelala chini ya mzigo, huanza kunyanyuka mara tu mzigo unapopungua, kwa hiyo unazungusha jeki, na kuzungusha, na kempa bado imeikalia pikapu palepale.

Shemeji yangu anakaa Columbus, mji ambao ardhi yake ililala na haijaamka mpaka leo, na ushauri wake hauishi. "Shemeji, panga mbao chini ya magurudumu ya mbele, gari likae sawa." Nilimweleza kwa upole kwamba magurudumu hayo yako karibu mita 4 kutoka ya nyuma, na kwa hiyo anachoniagiza ni jukwaa la sentimita 40, ambalo magurudumu ya nyuma yatalipanda na kulishuka kabla ya yale ya mbele kulifikia, nami nikiwa nimegeuza shingo. Akasema, "Basi jaribu."

Mimi ni mtu wa Lushoto, na kwetu mlima ukikukatalia unachukua jembe unauchonga ngazi mpaka ukubali. Hapa niliita fundi, akautazama udongo, akanikumbusha maporomoko ya ardhi ambayo mji huu unayajua vizuri, akataja ukuta wa zege, vibali na mhandisi, kisha akataja bei iliyokaribia ile ya kempa. Nilimpa chai, akaenda zake.

Kuhifadhi nako kuna vitimbi vyake. Wakati wa joto lami hulainika na nyayo za jeki huzama, kwa hiyo kila mguu una kipande chake kinene cha ubao. Wakati wa baridi sharti maji yote yatolewe na mabomba yatiwe ile dawa ya rangi ya waridi, yasije yakaganda na kupasuka. Kisha kempa ishushwe kadiri iwezekanavyo na kutegemezwa kwa vigoda vya mbao: upande wa mlimani inagusa majani, upande wa bondeni paka wa mtaa wanafanyia mikutano. Na baada ya jasho lote hilo la kuisawazisha, eti isisawazike mno, pua iinuke kidogo ili maji ya mvua yasituame juu ya paa! Friji nayo, ambayo haina pampu na hutegemea amonia irudi chini kwa uzito wake yenyewe, inapowashwa haitaki kuinama. Paa linataka hivi, friji inataka vile, na mwenye nyumba hajaulizwa.

Juzi shemeji amepiga simu kwamba atakuja Novemba, kwa sikukuu ya Shukrani, na angependa kulala kwenye kempa kwa sababu watoto wetu wana kelele. Akauliza kichwa akielekeze upande gani. Nimemwambia alale kichwa puani, asilete nyama ya kuweka kwenye friji, na akisikia chuma kinalia usiku asitoke mbio, atambae taratibu hadi mlangoni.