MacGregor, wapende wasipende

"Mac" kwa Kigaeli, lugha ya asili ya milima ya Uskoti, ni "bin". MacGregor basi ni bin Gregor, na Gregor ni lilelile jina la Gregori tunalolisikia kanisani, lenye asili ya Kigiriki na maana ya aliye macho, anayekesha. Wengi wakitafuta maana ya jina hili huishia hapo. Mimi nasema hapo bado hujaambiwa kitu.

Februari 1603, katika bonde la Glen Fruin karibu na ziwa Loch Lomond huko Uskoti, watu wa ukoo wa MacGregor waliwaua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun. Mfalme James wa Sita wa Uskoti akaghadhibika, na Aprili likatoka tamko: jina lenyewe lifutwe. Anayeitwa MacGregor achukue jina jingine, la sivyo auawe. Mkuu wao, Alasdair, akanyongwa Edinburgh Januari 1604. Waliobaki wakakatazwa kubeba silaha yoyote isipokuwa kisu cha kukatia nyama, tena kisicho na ncha. Hebu kishike mkononi kisu hicho. Mtu mzima, kwake, anawakatia watoto wake nyama kwa kisu kisicho na ncha kwa sababu ya jina la babu yake.

Damu ilimwagika Glen Fruin, na waliomwaga walistahili hukumu. Lakini mtoto aliyekuwa tumboni siku hiyo alikosa nini? Ndiyo maana jina hili linanigusa. Watu walijiita Drummond, Murray, Graham, wengine hata Campbell, na majumbani mwao wakaendelea kujua wao ni nani.

Wapo akina MacGregor wengi wenye sifa. Yuko Gregor, yule tapeli wa karne ya 19 aliyewauzia Waskoti wenzake ardhi katika nchi ya Poyais isiyokuwepo, na leo yuko mwigizaji Ewan McGregor. Ila moyo wangu uko kwa Rob Roy MacGregor, yule mwasi maarufu wa Uskoti. Alizaliwa 1671, marufuku ikiwa imeondolewa. Mwaka 1693 ikarudishwa, naye akajikinga kwa jina la upande wa mama yake, Campbell. Kaburi lake liko kijijini Balquhidder, na juu yake yamechongwa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ningeyasoma hivi: MacGregor, wapende wasipende.

Alifariki 1734. Marufuku ilifutwa kabisa mwaka 1774, yeye akiwa kaburini miaka 40.