Dozi ya H. pylori: inatesa, lakini nani aimeze?

Kwenye famasi za Mbagala au Buguruni, Dar es Salaam, hukosi mtu anayelalamika kwamba dawa za bakteria wa tumbo zimemtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Hadeki. Dozi iliyozoeleka ya bakteria hao, Helicobacter pylori (H. pylori), ni antibayotiki mbili, mara nyingi klarithromaisini na amoksilini au metronidazo, pamoja na omeprazo ya kupunguza asidi, na miongozo mingi sasa inataka siku 14. Mdomo unakuwa mchungu mpaka chai haina ladha, kichefuchefu hakiishi, tumbo linaendesha. Aliyepewa bismathi, dawa nyingine ya tumbo, naye anaona ulimi na choo vimekuwa vyeusi, anadhani anavuja damu ndani, kumbe ni dawa tu.

Wanaotetea dozi nao wana hoja nzito. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao mwenyewe kuonyesha wanavyoshambulia tumbo, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Tangu 1994 bakteria hao wanahesabiwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani. Vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikirudi kila mara, bakteria wakiondoka, mara nyingi havirudi tena. Mwenye kidonda avumilie, sina mjadala hapo.

Ila wengi wanaoishi na bakteria hawa hawaugui kabisa. Na kile kipimo cha haraka cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na mdudu, ambazo hubaki mwilini hata mdudu akishakufa, kwa hiyo mtu anaweza kumeza antibayotiki za bure. Kabla ya kufungua pakiti, dai kipimo cha choo au cha pumzi.

Kinachoniudhi zaidi ni mkasi. Mteja ana elfu tano, muuzaji anakata karatasi ya vidonge, anampa vya siku tatu: "Ukipata hela utarudi." Harudi. Mwingine anaacha siku ya tano kwa sababu ya kuharisha. Wote wawili wamepata maudhi ya dawa bila tiba, na wadudu waliobaki wanaweza kuwa sugu. Dozi inayofuata huwa na vidonge vingi zaidi, na gharama juu.

Maelezo mafupi pale dirishani yangewaokoa wengi. Omeprazo imezwe nusu saa kabla ya kula, metronidazo pamoja na chakula. Aliyepewa metronidazo asiguse pombe mpaka siku tatu zipite baada ya dozi. Anayetumia dawa za kolesteroli au warfarini ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, maana klarithromaisini hugongana na baadhi yake. Kuharisha kidogo kunavumilika. Kukizidi, au kukiwa na damu, au uso ukivimba, ni hospitali moja kwa moja.

Kipimo cha choo kirudiwe angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, omeprazo ikiwa imeachwa wiki mbili. Ukiwahi, majibu yanaweza kusema umepona na mdudu bado yumo.